Ng'ombe Wasioenea Kwenye Mashine

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Makamu wake uliyekalia kiti changu, Waheshimiwa Mabalozi wa Nyumba Kumi, Mchungaji, Shehe, na ninyi wazee wangu wa Mungaa, shikamooni! (Marahaba.) Mimi Leonidas, Katibu Msaidizi wa Takwimu za Mifugo na Mambo Mengineyo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, nikiwemo mimi. (Makofi machache.)

Nimesikia manung'uniko kwamba ng'ombe wanakufa kwa ndigana ya kupe, josho la kuwaogeshea limekauka, na dawa hamjaiona tangu mvua zianze. Ndugu zangu, tatizo si dawa, tatizo ni la kisayansi! (Bi Yunisi: "Ndama wangu wawili wamekufa kwa sayansi hiyo! Na mbao tulizochangia uzio wa josho ziko wapi?") Tulia, mama yangu, huko nafika.

Kabati lile lililofunikwa turubai ni makao ya kompyuta, mashine inayohesabu mifugo ya tarafa nzima kabla hujapiga chafya. Ndani yake mna kompaila, yaani mkalimani anayegeuza maagizo yetu kuwa lugha ya mashine, na ndiye mgawa vyumba vya hesabu: ng'ombe walale hapa, mbuzi pale, kuku kule. Sasa chumba cha ng'ombe kilijengwa kidogo, mwisho wake elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Akiingia mmoja zaidi, hesabu yote inapinduka na kuwa pungufu ya sifuri! (Mshangao. Mzee mmoja: "Lo!")

Na nani aliyekijaza? Ninyi wenyewe! Philipo kamkabidhi Mathayo ng'ombe amchungie, kama ilivyo desturi yetu. Siku ya kuhesabu mifugo, Philipo akawataja kwa kuwa ni wake, na Mathayo akawataja kwa kuwa wamelala zizini mwake. (Kicheko. Mathayo anainamisha kichwa.) Ng'ombe mmoja, mikia miwili! Mashine ikapinduka, na mkoa ukauliza, kwa haki kabisa, watu walio na ng'ombe pungufu ya sifuri wanataka dawa ya nini?

Hatukulala, ndugu zangu. Kamati yangu ilikaa, ikala, ikakaa tena, ikaagiza chumba cha ng'ombe kipanuliwe maradufu. Bahati mbaya mkalimani hakuambiwa awasogeze mbuzi, hivyo ng'ombe wakalala juu ya mbuzi, mbuzi wakasomeka kuku, na kuku wa Mchungaji wakaandikiwa chanjo ya kimeta ya ng'ombe. (Kicheko kikubwa. Mchungaji hacheki.) Leo natangaza kwamba kila mnyama amepimiwa upya chumba chake, na marekebisho yamefaulu kwa asilimia mia moja na nne! (Vigelegele.)

Nikisema chumba, itikieni kipana! Chumba! ("Kipana!") Hesabu! ("Sahihi!") Dawa! (Bi Yunisi: "Lini?")

Swali zuri. Dawa itakuja na lori lile lile litakaloleta kompyuta, mara tu barua ya kuomba kibali cha kuiagiza kompyuta hiyo itakapoandikwa. Kwa hiyo nimalizie kwa kumshukuru fundi seremala wetu, Antipasi, aliyejenga kabati lile imara kwa mbao zenu za josho, ili mashine ikifika siku yoyote isikose pa kukaa. Asanteni sana kwa kujitolea!

(Turubai linavutwa. Kabati ni tupu. Bi Yunisi anauliza nani ana nyundo ya kung'olea misumari.)