Mhesabu Karata wa Mchana

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeanza rasmi. Kustaafu si kufa! Miaka yote ghalani nilihesabu mabomba, viungio na koki, wala sikupoteza hata koki moja. Sasa nitahesabu karata.

Elimu yenyewe nyepesi. Mchezo wa ishirini na moja unacheza dhidi ya mgawaji. Atakayeikaribia ishirini na moja bila kuipita, kashinda. Karata ndogo ikitoka, najumlisha moja kichwani. Kubwa ikitoka, natoa moja. Hesabu ikipanda, maana yake kubwa bado zimo ndani, na hapo ndipo unaweka pesa ya maana. Ikishuka, unaweka kiduchu na kujifanya unatazama dari. Basi!

Kazi ni kupata meza nzuri. Nimezunguka kasino zote za mjini. Ya stendi: mashine inachanganya karata bila kupumzika. Kuhesabu pale ni sawa na kuhesabu matone ya mvua. Ya hotelini: ukipata ishirini na moja kwa karata mbili, wanakulipa pungufu ya haki. Wezi! Nimetoka nimenuna. Ya mwisho iko juu ya duka la magodoro. Zulia limechanika, feni inalia kama mgonjwa. Lakini meza ya kona inachanganywa kwa mkono, malipo ni ya haki, na mgawaji anagawa karibu karata zote kabla ya kuchanganya upya. Moyo umenidunda kama wa kijana aliyeona mchumba.

Nimefika nyumbani, nimefungua mlango, nikaanza kusimulia kwa sauti. Nimefika kwenye feni ndipo nikakumbuka hakuna mtu. Miezi inapita na mdomo bado haujazoea. Nimekula mkate mkavu.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata mshirika. Shemeji yangu kinyozi, kaka wa marehemu mke wangu. Mpango wangu ni huu: yeye akae mezani tangu mwanzo, aweke kidogo kidogo, ahesabu. Hesabu ikipanda, ajikune sikio. Mimi naingia kama mjinga mwenye pesa, naweka nyingi, nashinda, natoka. Hatujuani!

Tumefanya mazoezi kinyozini. Shemeji alikuwa anahesabu huku ananyoa. Mteja mmoja ameondoka na ndevu upande mmoja. Shemeji amemwambia ndiyo mtindo mpya. Mteja amelipa.

Shemeji ameuliza nilijifunzia wapi. Nimemwambia hospitali. Wiki zile za mwisho tulicheza karata kitandani, mimi na dada yake. Alikuwa ananifunga kila siku. Alisema uso wangu ni dirisha lisilo na pazia. Basi nikaanza kuzihesabu karata kwa siri, angalau nimfunge mara moja. Sikuwahi. Shemeji amesafisha mkasi ambao tayari ulikuwa safi.

Mtaji umepatikana. Cherehani ya marehemu nimeiweka rehani kwa fundi makochi, mtaa wa nyuma. Marehemu alimwachia binti yetu, naye anakuja kuichukua Jumamosi. Lakini mpaka Ijumaa tutakuwa tumeshinda. Jumamosi alfajiri naikomboa. Hata vumbi halitapata muda wa kutua.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa!

Nimeingia na shati la pasi, nimenunua chipsi (za plastiki, si za viazi), nimesimama nyuma ya meza nikipiga miayo kitajiri. Shemeji akajikuna sikio. Nikaweka nyingi. Nikaliwa. Akajikuna tena. Nikaweka zaidi. Nikaliwa. Akajikuna sikio la pili, kisha shingo, kisha mgongo kwenye kiti. Nikajiambia leo hesabu imepasua paa! Nikaweka, nikaliwa.

Nje ngazini nimemuuliza hesabu ilifika ngapi. Amesema hakumbuki. Alitoka kunyoa mtoto mwenye nywele ngumu na vinywele vimemwingia ndani ya kola. Alikuwa anawashwa.

Nimemfukuza kazi. Amesema hakuwahi kulipwa, kwa hiyo hawezi kufukuzwa.

Halafu kuna yule mama. Amekalia kiti cha mwisho, kiti nilichokichagua mimi tangu Jumatatu! Anafuma sweta. Naam, sweta, ndani ya kasino, mchana kweupe! Anaweka kidogo, anafuma, anaweka kidogo, anafuma. Mara moja moja anaweka nyingi, kwa kubahatisha tu. Nimemlalamikia mgawaji kwamba sindano zile ni hatari kwa macho ya watu. Mgawaji amesema macho yangu yako mbali. Huyo mama nimempa jina: Mama Sweta. Simpendi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimekwenda peke yangu. Nimepiga moyo konde. Mama Sweta yuleyule, kiti kilekile, sweta limeota mkono wa pili.

Nimehesabu vizuri sana. Ndogo, ndogo, ndogo, kubwa, ndogo. Hesabu imepanda mpaka nikasikia masikio yanapata moto. Nikasukuma chipsi zote zilizobaki. Zote! Nimepewa wafalme wawili. Ishirini! Nusura nisimame nicheze. Mgawaji alikuwa na kumi na tano. Akavuta karata: sita. Ishirini na moja. Nimelamba garasa. Mama Sweta raundi hiyo aliweka kidogo.

Raundi iliyofuata akaweka mlima, akashinda. Akaweka mlima mwingine, akashinda. Hapo meneja akaja, kijana mwenye tai na marashi mengi. Akainama kwa adabu, akamwambia mama anakaribishwa kucheza mchezo wowote mle ndani, ila huu hapana. Wameona anahesabu.

Nikaelewa. Nikasimama nami, nikafunga vifungo vya koti. Sikutaka anitoe mbele ya watu.

Meneja akasema, “Wewe mzee wetu kaa tu.”

Nikamwambia hata mimi nahesabu.

“Tunajua. Tunakuona kwenye kamera, midomo inacheza.” Akanishika bega kama mwanangu. “Wewe huna shida na sisi, mzee. Njoo hata kesho.”

Akaniletea soda ya bure, na kofia yenye jina la kasino.

Nimefanya kazi katika ghala lile maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunidharau kwa upole namna hiyo. Soda nimekunywa. Sikuwa na nauli.

Mama Sweta nimemkuta ngazini, anakunja uzi wake. Ameniambia pole, na kwamba ree, ile yenye A, nayo ni karata kubwa, mimi naiacha bila kuihesabu, ameniona tangu jana. Nimemjibu ni mbinu yangu. Ameuliza nimefiwa na nani. Nimeshtuka. Amesema mwanamume hapigi pasi shati namna hiyo aje kukaa juu ya duka la magodoro mchana, kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye. Nimemwambia. Yeye amefiwa na mumewe. Pesa hazihitaji sana, amesema. Anachotaka ni kichwa kijae hesabu, kisibaki na nafasi ya kitu kingine.

Nimemwambia mimi niko kibiashara.

Amesema, “Sawa, kaka yangu,” akashuka.

Jumamosi, 7 Juni

Binti amefika mapema na gari la mizigo la kukodi. Nimemwambia cherehani iko kwa fundi inatiwa mafuta. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo.

Ametazama sakafu pale dirishani, ilipokuwa miguu ya cherehani. Saruji bado nyeupe. Amekaa kwenye stuli ya mama yake.

Kumbe alipita mtaa wa nyuma. Ameiona dukani kwa fundi makochi, imetolewa nje, watoto wanachezea gurudumu.

“Baba, sindano imechomekwa katikati ya mshono.”

Sikuelewa. Ikabidi anieleze polepole. Mama yake alikuwa anamshonea mjukuu gauni. Alilishona mpaka kwenye bega, akaenda hospitali, hakurudi. Gauni limebaki chini ya sindano tangu siku hiyo. Mimi nimeibeba cherehani mgongoni mpaka mtaa wa nyuma na gauni linaning'inia, na sikuliona.

Sikuliona kabisa. Nilikuwa nahesabu njiani.

Angepiga kelele ningejitetea. Nilikuwa na hoja. Hakupiga. Ameingia jikoni ameosha vyombo vyote, hata vile safi, amefuta meza, amefunga madirisha kwa sababu kulikuwa na dalili ya mvua. Gari limeondoka tupu. Dereva ameniaga kwa heshima, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda kwa fundi makochi kumsihi. Kafunga, Jumapili. Nimechungulia kwenye upenyo wa mlango. Nimeona kipande cha kitambaa cha njano. Nimesimama hapo mpaka mama wa genge la jirani akaniuliza kama natafuta choo.

Jioni shemeji amekuja. Amekwishasikia. Nilidhani atanisema, nikajikaza. Amesema dada yake angetuchapa wote wawili kwa mwiko uleule, halafu angetupikia. Akacheka. Katikati ya kucheka akaanza kulia, akasingizia vinywele.

Nimetoa karata. Nimegawa, na nilipomaliza nikaona nimegawa za watu watatu. Shemeji ameona. Tumecheza hivyohivyo, kila ilipofika zamu ya fungu la tatu tunalifunua kwa pamoja.

Fungu la tatu limeshinda.

Jumatano, 11 Juni

Binti amepiga simu. Cherehani ameikomboa kwa akiba yake. Nimeanza kusema nitamrudishia, akanikata, akasema tusizungumze pesa. Sauti yake ilikuwa sauti ya mama yake akiwa amechoka.

Amesema nihamie kwake, kwenye mji wao. Kuna chumba cha nyuma, kina dirisha. Mume wake amekubali, mjukuu ameshaniwekea mto. Sharti ni moja tu: kasino basi. Nimeapa. Nimeapa kwa jina la marehemu, nimeapa kwa macho yangu, nimeapa mpaka binti akasema, “Inatosha, baba.” Na nilimaanisha! Nilipokata simu nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Nimeanza kufungasha. Shemeji amesaidia. Kwenye kabati la marehemu hatukuthubutu kukunja, tumebeba nguo na henga zake. Khanga moja bado ina harufu. Nimeivuta, nikampa shemeji naye akavuta. Wazee wawili wazima tumesimama tunanusa khanga. Mtu angetuona!

Shemeji amesema nikifika niwe nampigia. Nimemwambia kwa nini nisipige. Amesema anajua tu sitapiga, basi nipige.

Jumamosi, 14 Juni

Nipo kwa binti. Chumba kizuri. Kitanda kina godoro jipya. Mjukuu amevaa gauni lake la njano tangu asubuhi, bega moja limeshonwa na bibi yake, la pili na mama yake. La pili limepinda kidogo. Amekataa kulivua hata wakati wa kula. Nimeingia msalani nimekaa humo kwa muda.

Mchana kila mtu amelala. Nyumba kimya, kimya kile cha kule nilikotoka. Nikaona ninyooshe miguu. Nimepita soko, nimepita duka la vipuri, nimepita kituo cha mafuta, na nyuma yake, sikuwa natafuta kitu, kuna kasino! Mpya! Nimeingia kutazama tu. Mlinzi amenifungulia mlango kwa heshima, na kukataa heshima ya mtu si uungwana.

Meza tatu, zote kwa mkono. Malipo ya haki. Mgawaji ni kijana mgeni wa kazi, anadondosha karata, anazionyesha kabla ya kuzigawa! Na hakuna anayenijua. Nimesimama nyuma kidogo nikahesabu raundi chache bila kuweka hata senti, kwa hiyo si kucheza, na kiapo kilikuwa cha kutocheza. Sasa nimelielewa tatizo langu lote. Halikuwa hesabu. Lilikuwa mji ule.

Nimerudi jioni. Binti alikuwa anaanua nguo. Amesimama na shuka mkononi ananitazama, macho yakamjaa machozi. Nikadhani kimenuka. Kumbe nilikuwa napiga mluzi. Amesema hajanisikia nikipiga mluzi tangu mama yake afariki, alidhani hatausikia tena. Ameuliza nimetokea wapi. Nimesema kutembea.

Amenikumbatia. Amesema anaona matembezi yananifaa, na kwamba niahidi nitatembea kila siku, hata akiwa kazini.

Nimemwahidi. Kila siku.