Miti Mia Mbili Kumi na Minne Iliyokufa Bila Taarifa

Nyumba ya Mlinzi,
Eneo la Nne.

Mheshimiwa Afisa Misitu,

Shikamoo. Natumaini huko kwako bomba bado linatoa maji. Hapa linatoa sauti tu, lakini hatujambo.

Mimi ni binti wa mlinzi wako wa msitu, Eneo la Nne. Niko darasa la saba, na mwandiko wangu ndio unaosomeka kuliko yote nyumbani, ndiyo maana naandika mimi. Baba ameletewa barua yako inayomtaka ajieleze ndani ya siku ishirini na moja kwa nini miti mia mbili kumi na minne imekufa mikononi mwake bila taarifa, la sivyo aachishwe kazi na tuhame nyumba ya idara. Leo ni siku ya tisa ameshika kalamu. Ameandika "Mheshimiwa" na koma. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Baba aliajiriwa kuilinda miti dhidi ya watu. Kazi hiyo ameifanya mpaka akamnyang'anya shoka mjomba wangu, kaka yake Mama wa tumbo moja, na tangu siku hiyo mjomba akitusalimia anatazama pembeni. Lakini ukame haukuja na shoka. Baba ana pingu jozi moja tu, na jua liko mbali.

2. Si kweli kwamba hakutoa taarifa. Aliandika mara tatu. Majani yalipoanza kujikunja, karani wako alijibu kwamba nakala ya pili haikuambatishwa. Yalipogeuka manjano, alijibu kwamba fomu zimebadilika. Yalipopukutika yote, alijibu kwamba suala linashughulikiwa. Nadhani miti haikuarifiwa kwamba inashughulikiwa.

3. Mwalimu wetu wa sayansi ametufundisha kwamba majani yana vinywa vidogo mno, havionekani kwa macho. Ukame ukizidi, mti huvifunga ili maji yasipotee. Lakini vinywa hivyo hivyo ndivyo vinavyovuta hewa ya kutengenezea chakula. Ukivifungua unakufa kwa kiu, ukivifunga unakufa kwa njaa. Mama aliposikia alisema, "Mbona huo ni mwisho wa mwezi wetu kabisa!" Tena mirefu ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu maji yana safari ndefu kufika juu, na yakipungua, hewa huingia katika mishipa, kama bomba letu linavyokohoa. Kisha wadudu wanaotoboa magome huja kumalizia. Kwa hiyo mikubwa ndiyo iliyotangulia kushindwa, na midogo ya chini ipo mpaka leo. Sitaendelea na hoja hii, kwa kuwa Baba ni wa chini na wewe ni wa juu.

4. Nyuma ya barua yako zimepigwa chapa kanuni za kazi. Zinasema mtumishi asiondoke kituoni bila notisi ya siku kumi na nne. Nimemuuliza Baba kama miti iliwahi kusomewa kanuni hizo, akasema hakumbuki. Hapo kosa ni la ofisi. Naomba kila mti uandikiwe barua yake. Niko tayari kuzisoma kwa sauti msituni kuanzia Jumamosi, nikishamaliza kufua. Mti utakaonyamaza mpaka siku ya ishirini na moja uhesabiwe kuwa umekiri.

5. Kama mlinzi hufukuzwa kwa sababu alichokilinda kimekufa, basi sheria iwe moja kwa wote. Mganga wa zahanati afukuzwe, maana bibi yangu alifia mikononi mwake, na alikuwa na miaka tisini na mmoja tu. Mwalimu mkuu afukuzwe, maana tisa kati yetu tumefeli hesabu mbele ya macho yake. Yule bwana wa redioni aliyetuahidi mvua afukuzwe mara mbili. Na kwa kuwa msitu wote uko chini yako, Mheshimiwa, nilipofika hapa niliona adabu inanitaka niweke nukta.

Tafadhali usimwachishe Baba. Mama ameshafunga vyombo mara tatu na kuvifungua mara mbili, kwa hiyo sasa tunapikia sufuria moja, na mdogo wangu analala juu ya furushi.

Nisalimie mama watoto wako, karani, dereva, na walinzi wa Eneo la Kwanza mpaka la Tatu pamoja na miti yao, wagonjwa kwa wazima.

Ni mimi mtoto wako katika utii,
Binti wa Mlinzi wa Eneo la Nne

Nyongeza: Bahasha imechelewa kupatikana, na katikati hapo mvua imenyesha. Jana karani wako alikuja na pikipiki kuhakiki maiti, akakuta miti mia moja sitini na mitatu imechipua, mingine kwenye shina kabisa. Mwalimu anasema iliangusha majani makusudi, ili isife. Kwa hiyo naomba ufute hoja ya kwanza mpaka ya tano, na mganga umwache. Karani ametuachia barua mpya: Baba ajieleze kwa nini aliripoti vifo vya miti iliyo hai. Nitaijibu nikipata karatasi. Baba mwenyewe hajaifungua. Amekaa kizingitini na viatu vyake vya matope, anacheka peke yake. Kama ni lazima umfukuze, naomba umsubiri kwanza amalize.