Uso Wangu Kwenye Kila Kisanduku

Jumatatu, 3 Juni

Ukuu wa kitengo cha kompyuta uko wazi! Mkurugenzi anateua Ijumaa. Tuko wawili: mimi na Bwana Kijivu. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya visanduku vyake, vile vinavyochomoza kwenye skrini kukuuliza kama una uhakika, ukabonyeza Sawa au Ghairi. Vyote kijivu. Maandishi meusi, vitufe viwili, basi. Mtu hana hata chembe ya ubunifu.

Tatizo: Mkurugenzi hanijui. Miaka yote niko kwenye kampuni yake ya vifurushi, bado ananiita kijana wa kompyuta. Nina mvi! Mke wangu anasema niende tu nikamsalimie, nijitambulishe. Ushamba. Nina mpango. Nimeshampigia mama kumwambia cheo nimepata.

Jumanne, 4 Juni

Programu ya vifurushi iko kwenye kila meza, hata ya Mkurugenzi. Basi leo nimevipamba visanduku vyote. Kona za mviringo. Ukingo wa dhahabu. Kitufe cha Sawa kijani, kinang'aa. Na pale palipokuwa na alama ya mshangao, picha yangu. Nikitabasamu! Shemeji alinipiga picha hiyo kwenye harusi ya binamu yake. Nimemkata mjomba aliyesimama kando, ila bega lake limegoma kutoka.

Bwana Kijivu akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama nimefikiria visanduku huwa vinatokea wakati gani. Wivu mtupu. Nikamwambia vinatokea kila wakati, na huo ndio uzuri wake.

Jumatano, 5 Juni

Mtandao umekatikakatika tangu asubuhi. Kila ukikatika, uso wangu unachomoza jengo zima: "Kifurushi hakikuhifadhiwa. Anza upya." Nikitabasamu.

Karani wa dirishani amebandika plasta kwenye skrini, mahali pa uso wangu. Nilipopita kwenda kuchukua chai, mama mmoja aliyekuwa amekalia furushi la magodoro akanisonta kidole. Akamwambia jirani yake kwenye foleni kwamba ndiye huyu anayekula risiti za watu. Nimefanya nini mimi? Mtandao si wangu!

Jioni mlinzi wa getini akaniaga: kwaheri, Hitilafu. Simjibu salamu tena huyu. Nyumbani nimemsimulia mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kasoro. Watu wananiona kwenye shida tu! Dawa yake ni kuonekana kwenye raha pia. Sasa kila kifurushi kikihifadhiwa, natokea kupongeza. Nusu ya skrini. Ile alama ya kufunga kwenye kona ya juu ilikuwa inaharibu dhahabu, nimeifanya ndogo kama punje ya mchele.

Makarani wamekuja mezani kwangu wote kwa pamoja. Hawakuja kushukuru. Lakini katibu wa Mkurugenzi amenong'ona kwamba bosi wake siku hizi ananifunga kabla sijamaliza kutokea. Kwa hiyo ananiona! Moyo kwatu. Mama amepiga: ameshawatangazia shangazi zangu.

Ijumaa, 7 Juni

Suti. Tai. Tabasamu lile lile la kwenye picha. Nikagonga, nikaingia.

Mkurugenzi akainua macho. Mkono wake wa kulia ukarukia kipanya. Akasogeza, akabonyeza. Nikabaki nimesimama. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kisha akakiachia.

"Kumbe wewe ni mtu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni mtu, na nimekuja kwa ajili ya kile cheo.

"Wiki nzima kila kitu kikiharibika, wewe unacheka," akasema. "Jana nimekuota."

Cheo kapewa Bwana Kijivu. Mapambo yote yatoke kabla ya chakula cha mchana. Niliyatoa mwenyewe, moja moja, na sitaficha, machozi yalinilenga. Bwana Kijivu akanisaidia. Angenicheka ningeumia kidogo tu. Mama kapiga simu jioni. Sikupokea.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempokelea mama. Nimemwambia cheo kimeahirishwa kidogo tu. Akaniuliza mpaka lini, nikasema Jumatatu.

Maana nimelisoma upya, kwa utulivu, agizo la kwanza la Bwana Kijivu, alilotutumia jana jioni kuhusu visanduku. Picha marufuku. Dhahabu marufuku. Kijani marufuku. Sauti? Hajaigusa popote!

Nimejifungia bafuni, ndiko kwenye mwangwi mzuri. Nimerekodi "Una uhakika?" kwa sauti nzito, ya kirafiki, isikike kila kisanduku kikichomoza. Mke wangu amegonga mlango kuuliza ninaongea na nani humo ndani. Nimemwambia asubiri, naiweka sauti juu kabisa.