Magurudumu ya Bwana Harusi

"Siku ya harusi yangu," Faki alitangaza barazani Magogoni, "watu wa Timbwani hawatanitazama mimi. Watatazama magurudumu!"

Mwaka huo wa themanini na saba kila kijana mwenye Datsun alikuwa na maoni kuhusu rimu. Faki alikuwa na fatwa.

Mchumba alimpata kwa wiki tatu. Rimu alizichagua kwa miezi mitano! Alizipima kwa shubiri, akaziota, akachutama nyuma ya magari ya watalii kwenye hoteli za Bamburi mpaka askari wa lango akamwuliza amepoteza nini.

"Nimekipata," alijibu Faki.

Mwishowe alimpelekea fundi Mwangi rimu nne za chuma azikate, azichomelee bati katikati, zipanuke. Zikapanuka! Tairi zikatokeza nje ya madigadi kama mashavu ya mtoto aliyeficha kaimati mdomoni.

"Sasa kata springi," Faki akaamrisha. "Gari lilale."

"Faki, hii gari ikilala zaidi itaomba shuka," alisema Mwangi. "Na ukipakia mtu, tairi itakwaruza juu. Kona hutakata."

"Wewe fundi wa bara. Kata chuma, uzuri tuachie sisi."

Mwangi akakata.

Magurudumu mawili ya zamani Faki alimpa Nzai, mvuta mkokoteni aliyevusha viazi kwa feri kila siku. "Chukua, ndugu yangu. Haya yafaa viazi, hayafai bwana harusi."

Nzai alisema ahsante, akaenda zake. Hakuwa mtu wa maneno.

Aliyekuwa na maneno ni Mzee Mbwana, baba wa mchumba, na hata yeye alikuwa na sharti moja tu. "Sheikh ana nikahi mbili siku hiyo. Saa tano barabara anaondoka kwangu. Akiondoka, nawe usije tena. Umeniahidi mara tatu, ukachelewa zote tatu. Ya nne, mwanangu Mwanamkasi hamo."

"Inshallah nitalitangulia jua, mzee wangu!"

Siku ikafika, siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, tarehe waliyoichagua wazee kwa baraka zake. Faki alivaa kanzu, joho na kilemba. Magurudumu aliyaosha mara mbili, uso mara moja.

"Bwana harusi gani anayejiendesha mwenyewe?" aliuliza ami yake, Mwidani, aliyekuwa amsindikize.

"Ami, gari hili halimjui mtu mwingine."

Kweli halikumjua, hata huyo ami. Alipoketi tu, tairi ya nyuma ikalia chini ya madigadi: krrr! Basi ikawa kila kona Ami Mwidani ateremke, gari likate kona likiwa tupu, naye alifuate mbio, apande tena.

"Wallahi," alisema kwenye kona ya sita, akihema, "ningetembea moja kwa moja ningekuwa nishakula pilau."

Waliingia feri ya kuvukia Likoni, njia ya Timbwani, saa nne na robo. Faki akatabasamu. Wakati ulikuwa tele!

Lakini mwezi ukiwa kumi na tano ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita siku zote. Asubuhi ya bamvua maji hupwa mpaka feri ikifika gati la Likoni hulazimika kuteremsha ulimi wake wa chuma chini kabisa, nayo magari hushuka kama yanayoingia kisimani. Watoto wa Likoni hujua hayo kabla ya kujua kusoma. Faki naye aliyajua. Ila kwa miezi mitano alikuwa akitazama magurudumu, hakuutazama mwezi.

Feri ikagota. Faki akatia gia kwa madaha. Magurudumu ya mbele yakateremka kwenye ule ulimi, ya nyuma yangali sakafuni, na tumbo la Datsun likakaa pale kwenye bawaba: gwaa! Gari likatulia kama kuku anayeatamia. Magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka hewani, yakimeremeta vizuri sana.

Nyuma, malori yakapiga honi.

"Bwana harusi, teremka usukume!"

"Na joho alivue, lisije likaatamia nalo!"

Wanaume ishirini walisukuma. Datsun haikusogea hata unyayo. Saa tano kasoro robo!

Pembeni akapita Nzai na mkokoteni wake. "Panda," alisema.

"Juu ya viazi?"

"Chini yake hutaenea."

Faki akamtazama ami yake.

"Nenda!" alisema Ami Mwidani. "Gari hili mimi nimeshazoea kulishuka."

Nzai alipandisha mlima mbio, Faki ameshika kilemba kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine. Walipoingia uani kwa Mzee Mbwana, sheikh alikuwa anavaa kiatu cha pili.

Na kweli, hakuna aliyemtazama bwana harusi. Watu wote wa Timbwani walitazama magurudumu!

Mzee Mbwana aliinama, akaigonga tairi kwa fimbo. "Haya si yale ya kwanza ya gari lako?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mazuri haya. Ulitaka mengine ya nini?"

Sheikh akavua kiatu, nikahi ikasomwa. Faki alisimama, akanyoosha mkono apewe hongera na mkwewe. Mzee Mbwana akampita, akaenda hadi kwenye mkokoteni.

"Bwana Nzai, jioni una kazi? Biharusi ana masanduku mawili, nami nataka yafike."