Bati Moja kwa Kaya

Bartolomayo Ndahani,
Balozi mstaafu wa nyumba kumi na mgambo wa akiba,
Kitongoji cha Mlimani, karibu na Kibaigwa,
Wilaya ya Kongwa.
(Sina sanduku la posta. Majibu yapitie dukani kwa Khamisi, Kibaigwa, upande wa magunia.)

Mwishoni mwa Novemba

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya viwanda na biashara,
Dodoma.

YAH: OMBI LA USHURU NA MGAWO WA MABATI YA KIGENI KWA AJILI YA USALAMA WA TAIFA

Mheshimiwa,

Mbukwa, kama tunavyosalimiana huku. Natumaini hujambo, na kama wewe hujambo basi wizara nayo haijambo. Sisi huku hatujambo pia, isipokuwa nchi iko hatarini, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Kwanza nikukumbushe kwa heshima kwamba tangu Serikali ihamie Dodoma, nyinyi ni wageni wetu sisi Wagogo. Tumewapa ardhi, upepo na vumbi bila masharti yoyote. Lakini mwenye nyumba akiona nyoka sebuleni hawezi kusubiri mgeni amalize chai ndipo aseme. Mimi nimemwona nyoka, Mheshimiwa, na nyoka mwenyewe ni bati.

Wiki iliyopita nilikuwa nasikiliza redio. Mtangazaji akasema mataifa makubwa ya ng'ambo yameweka ushuru mzito na mgawo kwenye chuma na alumini kutoka nje, hata vinavyotoka kwa majirani na marafiki zao, kwa sababu ya usalama wa taifa. Nilizima redio nikatoka nje kutafakari. Watu wenye ndege za kivita na manowari wanaogopa bati! Sisi ambao kitongoji kizima kinalindwa kwa filimbi moja, tena ninayo mimi, tunasubiri nini? Nikatazama huku na huko. Tumezingirwa. Zamani Mlimani palikuwa na tembe tupu. Mpaka mwezi huu unaanza zilikuwa zimebaki mbili, yangu na ya jirani, na majuzi ya jirani imeanguka mikononi mwa bati. Sitaki kumtaja mwenyewe. Ni Mama Luka.

Kwa faida ya wasaidizi wako waliotoka pwani, tembe ni nyumba yetu ya asili. Ni fupi, imelala kwa ubavu, na paa lake ni bapa, la miti na nyasi, na juu yake udongo wa kichuguu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili mwenye haraka asome namba tu.

1. Bati linang'aa. Simama Mlimani mchana wa jua utazame Kibaigwa, utadhani mtu amemwaga vioo. Rubani wa adui hahitaji ramani wala kumuuliza mtu njia. Tembe haina tabia hiyo. Yangu imeegemea mteremko, na ukitokea upande wa juu huoni kitu ila ardhi. Wakati wa sensa karani alikuja na kishikwambi chake, akasimama juu ya paa langu, akaniuliza nyumba yangu iko wapi. Nikamwambia anaikanyaga. Sasa ikiwa Serikali yangu mwenyewe, inayonipenda na kutaka kunihesabu, haikuniona, adui ataniona kwa macho gani?

2. Bati lina kelele. Mvua ikilipiga husikii kitu. Mwaka jana tulikuwa na mkutano katika ofisi yetu ya kijiji, ambayo ni ya bati, mvua ikashuka katikati ya hotuba. Mwenyekiti hakunyamaza. Tuliona midomo tu. Akanyoosha mkono, nasi tukanyoosha. Akapiga makofi, nasi tukapiga. Mpaka leo hakuna anayejua tulipitisha nini. Wako wanaosema ni choo cha shule, wako wanaosema tumeungana na kijiji cha jirani, na katika muhtasari imeandikwa “Imepitishwa kwa kauli moja” na nukta. Fikiria basi adui mwenye akili. Hatakuja Julai huyo. Atakuja Februari, na mvua na vifaru, na sisi tutajua yuko hapa siku atakapobisha hodi kuomba chumvi. Ndani ya tembe mvua haina makelele. Jirani akikohoa unasikia, na unajua ni kikohozi cha nani na kimeanza lini.

3. Bati halibebi mlinzi. Nilipokuwa mgambo tulilinda juu ya mapaa ya tembe. Unatandika mkeka wako, unaanika ubuyu pembeni, unalinda nchi. Bati lina mteremko. Mgambo akipanda anaserereka mpaka chini yeye na filimbi yake. Hata mbuzi wangu, jike mwenye pembe moja, alikuwa akishinda juu ya paa langu na kulia kila akiona mgeni. Siku moja saa saba mchana akapanda bati la watu kwa mazoea. Alicheza ngoma ambayo haijawahi kuchezwa Ugogo nzima. Tangu siku hiyo hapandi hata kichuguu, na akiona mgeni anatazama pembeni. Hilo ni pengo katika ulinzi na halijazibwa.

4. Namba nne naiacha kwanza. Inamhusu Mama Luka, na barua hii ni ya kitaifa.

5. Bati linatufanya tegemezi. Wanaotuuzia siku wakituchukia watatunyima bati, na wakitunyima bati watatunyima na misumari yake yenye kofia, tubaki nchi nzima tunatazama mbingu. Lakini udongo, Mheshimiwa! Ni nchi gani duniani imewahi kututishia kutunyima udongo? Umewahi kusikia udongo umekwama bandarini? Mchwa wa Kongwa wanafanya kazi mwaka mzima, hawadai mshahara, hawagomi, wanatujengea akiba ya taifa ya vichuguu, na hakuna kiongozi aliyewahi kuwapongeza. Naomba ufanye hivyo kwenye hotuba ya bajeti.

6. Hatari imeshashuka kutoka paani. Ilianza juu ya vichwa vyetu, sasa iko kiunoni. Nazungumzia zipu. Nimeulizia pale Kibaigwa, hakuna aliyewahi kuona zipu iliyotengenezwa Kongwa. Siku adui akizuia zipu zisiingie nchini, vijana wetu watapigana kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali. Nasema haya kwa uchungu, nikiwa mzee niliyewahi kupiga kwata.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. (a) Uwekwe mgawo, neno ambalo sote tulilizoea enzi za mgawo wa umeme: bati moja kwa kaya, basi, nalo likafunike banda la kuku. (b) Ushuru ulipwe kwa udongo. Anayetaka kuingiza bati kitongojini atangulize mkokoteni mmoja wa udongo wa kichuguu kwenye tembe yoyote iliyobaki, na kwa kuwa imebaki moja, nitaelekeza ni ipi. (c) Kijengwe kituo cha forodha kwenye njia ya kutoka Kibaigwa kuja Mlimani. Najitolea kukisimamia. Filimbi ninayo, kigoda ninacho, nahitaji kofia tu.

(d) Misamaha isiwe mingi. Nimeona vyema lisamehewe jembe langu, kwa kuwa ndilo linalochimba udongo, na karai, kwa kuwa ndilo linaloubeba. Redio isamehewe, maana bila redio tusingejua kama tuko hatarini. Baiskeli pia, kwa ajili ya doria. Kopo langu la biskuti, ninamotunza nyaraka. Jino la dhahabu la Mzee Octavian, kwa sababu limeshakuwa mwenyeji. Na suruali yangu ya kanisani, ambayo zipu yake niliinunua kabla sijaamka kisiasa. Vingine vyote vizuiwe bila huruma.

Sasa narudi kwenye namba nne, maana nimejaribu kufunga barua bila hiyo nimeshindwa.

Mama Luka, jina lake Zipora, ni mjane, kama mimi nilivyofiwa na mke wangu Paulina. Tembe zetu zinatazamana. Paa la tembe haliwezi kuzibwa na mtu mmoja. Mmoja lazima awe juu na mwingine chini. Kwa hiyo kila Novemba, mawingu yakianza kujikusanya, yeye husimama mlangoni kwake na kuniita. Mimi napanda, yeye ananipandishia udongo kwa karai, naumwaga, naushindilia. Tunaanza na paa lake, tunamalizia na langu. Ni kazi ya siku mbili, nasi huifanya wiki nzima, kwa sababu kila karai linapanda na habari zake: nani kaposa wapi, alizeti za nani zimeliwa na ndege, nani kasinzia kanisani mpaka akajibu amina pasipohusika. Jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda. Nikiwa kule juu namsikia anacheka kabla sijamwona. Hiyo wiki moja, Mheshimiwa, mimi naila mwaka mzima.

Mwaka huu nilinoa jembe mapema nikangoja kuitwa. Badala yake likaja lori kutoka Kibaigwa limebeba mabati ya kigeni. Kayanunua Luka, mwanawe anayefanya kazi mjini, anaishi Miyuji. Ni kijana mwema, simlaumu; hataki mama yake anyeshewe. Fundi Noeli akayapigilia kwa siku moja. Siku moja! Nilikwenda nikasimama pale na jembe langu begani. Mama Luka akanitazama kwa upole akasema, “Baba Devota, mwaka huu nawe upumzishe mgongo.”

Mgongo wangu haukuwa umelalamika. Iliniuma sana, na bado inauma. Nikarudi kwangu, na paa langu sijaligusa mpaka leo, kwa sababu nikiwa juu hakuna wa kunipa karai, na kumwomba nimeona haya. Mwenye bati atashikaje udongo wa mtu mwingine? Limeshatoboka tundu juu ya kitanda, nami nimeamua kulitumia kuangalia anga la nchi. Mvua ziko njiani. Msimu mzima nitakaa huku na yeye kule, sina sababu ya kupita mlangoni kwake. Basi piga hesabu mwenyewe: taifa ni watu, mimi ni mtu, na mimi sijisikii salama. Wataalamu wako waikague, hawataona kosa.

Ndiyo maana naomba sheria irudi nyuma, ianzie siku ile ya lori. Mabati yang'olewe kwa heshima, Luka akaezekee kwake Miyuji.

Nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa, kama umesoma. Nisalimie wote hapo wizarani, walio ofisini na walio safarini, dereva wako, mama anayewapikia chai, na yule askari wa getini atakayekuwa wa kwanza kuipokea barua hii na kuiweka pembeni. Waambie ikifika Julai wavae masweta, baridi ya Dodoma haina masihara.

Wako katika ulinzi wa taifa, kuanzia paani,

Bartolomayo Ndahani (Baba Devota)

TANBIHI: Mheshimiwa, kabla sijaifikisha barua hii Kibaigwa mvua imenyesha. Imeanza leo alasiri na mpaka ninapoandika haijakatika. Lile tundu la kuangalia anga lilipanuka mpaka anga lenyewe likaingia ndani. Nusu ya paa langu iko kitandani. Nilikuwa mlangoni, sikuumia, na barua imepona kwa kuwa ilikuwa ndani ya kopo lililotajwa kwenye misamaha.

Nilikuwa nimesimama nje naloa, kopo kwapani, nilipomwona Mama Luka anakuja mbio kwenye matope, amejifunika bati moja lililobakizwa na fundi. Hata pole hakusema. Alisema, “Na jeuri yako hiyo, Baba Devota, hebu ingia hapa.” Nikaingia. Kwa hiyo kuhusu kifungu (a) naweza kuthibitisha kwamba bati moja kwa kaya linatosha kabisa, ila kaya yenyewe iwe ya watu wawili, na watembee wamekaribiana.

Sasa niko mezani kwake. Juu hapavuji hata tone. Kelele ni kubwa kama nilivyoeleza kwenye namba mbili na sibadilishi neno. Ameniambia jambo, nikamwambia sijasikia, ikabidi nisogeze kigoda. Amelirudia, nikamwambia bado, nikasogeza tena. Kutokana na hali hiyo naiomba wizara isifanye haraka. Ushuru usubiri, mgawo usubiri, angalau mpaka mvua ziishe, na kama barua hii itadondokea nyuma ya kabati, isitafutwe.

Analisema tena, safari hii anacheka. Anasema lile paa langu tusihangaike kulijenga upya. Nilimsikia tangu mara ya kwanza.