Kofia ya Chuma na Marahaba ya Mzee

Leo baba wa mchumba wangu amenimwagia kichwani chupa nzima ya mafuta ya alizeti. (Hapana, hakuwa ananiombea.) Ngoja niwaeleze kwa mpangilio.

Mnajua kule Singida mjini tunacheza ule mchezo wa kupigana kwa panga butu, tumevaa vyuma kama askari wa Ulaya ya kale. Mzee naye, huku kijijini Mgori, ana ngao ya ngozi ya nyati aliyoachiwa na babu yake. Niliomba nije na kofia yangu ya chuma, nivipige picha vyote viwili, nivilinganishe. Sababu ya kweli: Jumamosi wazee wanakaa kuamua kama nimuoe Neema. Nilitaka mzee anipende.

Nimefika, mzee bado yuko shambani. Nikavaa kofia, Neema anipige picha. Nikamfundisha kwamba kofia nyingi za kale zilikuwa nyembamba pembeni na nyuma, maana askari alishinda nayo kichwani kutwa nzima. Hizi zetu ni nene kila upande, kwa kuwa tunapigwa kichwani makusudi.

"Hii haitoki hovyo," nikajigamba.

Ikagoma kutoka! Komeo la chini ya kidevu limebana. (Fundi alisema nilipake mafuta. Sikupaka.)

Mzee huyo, anaingia. Na kwake humwamkii mkubwa ukiwa na kofia.

"Shikamoo, baba."

Akanizunguka. Akachungulia kwenye tundu la macho.

"Vua kwanza, ndipo nikuitikie."

Nikamweleza shida yangu. Akaingia jikoni. Neema alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko.

Ndipo yakaja mafuta. Masikioni, puani, hadi ndani ya shati. Komeo likaachia, nikatoka nang'aa kama chapati. Kabla sijaamkia upya, mzee akainua ngao yake kwa mkono mmoja.

"Hii, babu akichoka aliiweka chini, akaenda kula."

Kisha akaokota kofia yangu. Akasema komeo ameshalielewa. Akaivaa. Kla!

Hajalielewa.

Chupa ni tupu. Neema kaenda kwa jirani kuomba mafuta. Mimi nimeamkia tena, na kutoka ndani ya chuma nimesikia, "Marahaba, mwanangu."

Chekeni taratibu, nimekaa naye hapa hapa. Na hadi sasa sijui kama marahaba ya ndani ya kofia inahesabika.