Raundi Kumi za Utangulizi

Kwa niaba ya Mamlaka ya Thamani ya Ngumi, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la mapambano kuisha mapema limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi ndiye Katibu wa Mamlaka hiyo. Maneno yaliyozagaa mitaani kwamba Mwenyekiti wetu alipigwa hadharani ni uzushi mtupu. Mheshimiwa alishiriki. Kati ya kupigwa na kushiriki ipo tofauti, na nitaieleza mahali pake.

Mambo yalianza kwa simu. Ipo huduma ya kutazama ngumi mtandaoni: unalipia kwa mwezi, na kila Jumamosi jioni unaletewa mapambano manne ya utangulizi na moja kubwa. Mama mmoja mtu mzima alipiga simu kwenye dawati letu la malalamiko. Kwa kuwa karani wa dawati alikuwa kwenye semina ya kupokea simu, nikapokea mimi.

"Mwanangu, mimi nalipa kila mwezi na sioni kitu," alisema. "Pambano kubwa likianza tu naenda jikoni kuepua chai. Nikirudi, limekwisha."

"Pole sana, mama. Na nani anayelimaliza?"

"Si huyu mtoto wangu! Usingizi!"

Usingizi tulimfahamu. Mchana ni fundi wa magodoro, Jumamosi ni bondia, na jina hilo alipewa kwa kazi zote mbili. Ana mkono wa kulia ambao ukikugusa, unazinduka watu wanakuuliza unaitwa nani. Mashabiki walimwita bingwa. Sisi, baada ya simu ile, tukamtambua kuwa mhujumu uchumi. Mteja kanunua jioni nzima, yeye anamkabidhi dakika moja!

Mwenyekiti akaitisha kikao. Ni mtu mnene wa tumbo na wa maneno, na hajawahi kutazama ngumi maishani mwake, jambo lililotuhakikishia kwamba hana upendeleo.

"Chai huchemka kwa muda gani?" aliuliza.

Tukaunda kamati ndogo, kamati ikanunua birika. Baada ya majaribio ya kina na vitafunio vya kutosha, ikaamuliwa kwamba hakuna pambano litakaloisha kabla ya raundi ya kumi. Bondia atakayemlaza mwenzake mapema atanyang'anywa leseni. Atakayeanguka mwenyewe atainuliwa na mwamuzi, atafutwa vumbi na kurudishwa kazini.

Usingizi aliitwa ofisini. Alisimama mlangoni na vipande vya sponji kwenye nywele.

"Mzee, mimi kupiga kidogo kidogo sijui," alisema. "Nilifundishwa kupiga."

"Utajifunza," Mwenyekiti akamjibu. "Haraka haraka haina baraka."

"Na nikikosea?"

"Leseni inabaki hapa."

Miaka yote kijana alikuwa akiutafuta mkanda wa ubingwa, na sasa kati yake na pambano la mkanda alibaki mtu mmoja tu, bondia aitwaye Simenti, ambaye angekutana naye mwisho wa mwezi. Bila leseni angebaki na magodoro yake. Nilimhurumia, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Yakabaki yale mapambano manne ya utangulizi. Mwenyekiti alipoliona neno hilo kwenye ratiba, alipiga meza hadi birika likaruka.

"Nani kawapa mabondia utangulizi?"

"Ni mapambano ya mwanzo tu, Mheshimiwa. Ya kuchangamsha watu."

"Katibu, umeajiriwa lini wewe? Kwenye shughuli yoyote yenye heshima, utangulizi anatoa mwenyekiti!"

Hoja ikapita. Mabondia wanane wakarudishwa makwao na barua za shukrani, na nafasi yao ikajazwa hotuba nne za Mheshimiwa, zote za kutolewa ulingoni. Bei ya kifurushi ikapandishwa, maana huwezi kumuuza kiongozi kwa bei ya bondia.

Ilijitokeza kasoro moja ndogo. Zamani kupigana na Usingizi kulikuwa ngumi moja na mapumziko. Sasa kulikuwa raundi kumi ukiwa macho, na wapinzani hawakuupenda utaratibu. Kengele ikilia, mtu anashuka ulingoni akidai yeye alikuja kufuta kamba tu. Jumamosi zikapita, yule mama akaambulia hotuba. Ndipo nikatunga kifungu ambacho, kusema kweli, nilikionea fahari: "Mtu yeyote atakayekutwa ulingoni kengele inapolia, asiyekuwa mwamuzi, ni bondia." Mwenyekiti alikitia sahihi bila kukisoma, kwa jinsi anavyoniamini.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ukumbi ulijaa, wajumbe wetu wote wakiwa viti vya mbele. Mheshimiwa alipanda ulingoni na suti nyeusi, akavishwa glovu nyekundu kwa ajili ya picha, akazipenda, akakataa kuzivua. Usingizi alikuwa pembeni akirukaruka ili asipoe. Simenti aliomba ruhusa kwenda chooni. Choo kile kina dirisha.

"Ndugu wateja," Mheshimiwa alisema kwenye hotuba ya nne, "bei imepanda, hali ni ngumu, hivyo nawaomba tufunge mikanda. Lakini kabla ya hapo, nirudi nyuma kidogo kwenye historia..."

Kengele, ambayo huendeshwa na mtambo na haina adabu, ikalia.

Mwamuzi alitazama huku na huku, hakumwona Simenti, akamwendea Mheshimiwa.

"Mkanda, mzee."

"Mkanda gani?"

"Wa suruali. Chuma hakiruhusiwi."

Akamfungulia mwenyewe. Kwa hiyo kiongozi aliyetutaka tufunge mikanda aliingia raundi ya kwanza kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshikilia suruali.

"Katibu!" alipaza sauti. "Hebu waambie hawa!"

Nikasimama, nikawasomea kifungu. Ndiyo kazi yangu.

Napenda kuripoti kwamba Usingizi alikuwa amejifunza. Alimpiga Mheshimiwa kama anavyopiga godoro kulitoa vumbi: hakuna pigo lililoua, na hakuna mahali palipobaki. Raundi ya tatu Mheshimiwa alilala chali kwa hiari yake. Mwamuzi akamwinua, akamfuta vumbi, akamrudisha kazini. Tofauti niliyoitaja ni hiyo. Aliyepigwa huachwa alale, anayeshiriki huendelea.

Raundi ya tano alimkumbatia Usingizi, na vinasa sauti vikanasa.

"Mwanangu, nilaze."

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Moja tu! Ile ya kulia!"

"Leseni yangu, mzee. Halafu haraka haraka haina baraka."

Raundi ya sita alitangaza kwamba kanuni ameifuta. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba kufuta kanuni kunahitaji kikao chenye akidi.

"Wajumbe!" alilia. "Pandeni hapa tupitishe!"

Wajumbe wakatazama kamba. Wakaitazama kengele. Wakanitazama mimi na kifungu changu. Kisha wote wakagundua kwamba kamba za viatu vyao zimefunguka.

Raundi ya kumi ilipoisha, Usingizi alitangazwa mshindi kwa pointi, leseni ikiwa salama na pambano la ubingwa likiwa lake. Mwamuzi, akijikuta bado ameshika mkanda wa Mheshimiwa, hakuona wa kumpa isipokuwa mshindi. Kijana aliuinua juu huku akilia, na ukumbi mzima ukasimama.

Waliojiunga na huduma wiki hiyo hawana idadi. Kampuni yenye huduma hiyo imetuandikia kuomba utangulizi wa kiongozi kila Jumamosi. Mheshimiwa yuko likizo ya kutafakari. Kikao cha kufuta kanuni nimekiitisha, ila wajumbe wote wamepatwa na kikohozi.

Jana simu ya dawati ililia.

"Mwanangu, safari hii nimeona!" alisema yule mama. "Chai nimeepua, nimekunywa, nimeosha na vikombe, mtoto wangu bado anapiga! Mungu awabariki. Sasa Jumamosi ijayo utangulizi anatoa nani?"

Nilitazama ratiba, ingawa nilikuwa naijua. Itifaki ni itifaki: mwenyekiti asipokuwepo, anafuata katibu.

"Mimi, mama."

"Wewe? Basi nitawaita na majirani. Na ukishapanda pale, baba, wewe ongea tu. Usiwe na haraka."